Mkanda Namba Tatu na Mkono wa Saidi

Mkiingia kiwanda chenye mikanda ya kubebea mali, wanangu mnaojifunza ufundi, msianze kwa kuangalia mota, wala mkanda wenyewe. Angalieni sakafu. Chini ya mkanda mzima ni pakavu, pana vumbi la kawaida tu. Chini ya mkanda mgonjwa pana vilima. Kilima kikiwa upande mmoja, mkanda unakwenda kombo. Ukiona unga mwembamba umelala mstari mzima, jua skepa, kile kikwangulio cha raba, imechoka, haifuti uso wa mkanda unaporudi. Na ukikuta mawe yamerundikana pale mali inapoangukia, basi kuna jambo kubwa zaidi, na hilo ndilo lililoniweka hapa kuwasimulia.

Mimi ni Mwanamisi, mtu wa Mtongwe, Likoni. Nimestaafu sasa, nakaa Magongo, na magoti yananikumbusha kila ngazi niliyopanda. Maisha yangu ya kazi yalikwisha katika kiwanda kimoja cha kusaga klinka huku Changamwe. Klinka ni yale mawe meusi yaliyochomwa tanuruni, ambayo yakisagwa ndiyo saruji. Sikuingia kama fundi. Niliingia na beleshi, kazi yangu kuzoa kilichomwagika na kukirudisha juu. Mama yangu hakupenda hata kidogo.

"Mwanamisi, ni kazi gani hiyo ya mwana wa kike kuvaa suruali na kurudi mweusi kama chungu?"

"Suruali yabaki huko huko, Mama. Mimi ndiye nirudiye."

Alicheka, lakini aliendelea kunisema mpaka siku aliponiona nikimfungia mtungi wa gesi bila kumwita mtu.

Mkuu wa mafundi wa mikanda alikuwa Mzee Katana, Mgiriama wa Kaloleni, mfupi, mwenye kisu cha kukatia raba kiunoni. Kisu hicho alikinoa kila asubuhi kabla ya chai. Siku moja alinikuta nazoa, akaniuliza kwa mzaha, "Leo wazoa nini, Mwanamisi?"

"Kile kile cha jana, Mzee, na pale pale. Ile rola ya pembeni haizunguki."

Mkanda uliposimama aliinama, akaijaribu kwa mkono ile rola, gogo la chuma la kubebea mkanda. Ilikuwa imekwama. Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho uje na ovaroli isiyo na mifuko."

Nilidhani ni utani. Si utani. Mfuko hunaswa, na kinachonaswa na mkanda hakirudi. Mtandio nao nilijifunza kuubana ndani ya ukosi, usibaki hata ncha ya kupepea.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Darasa lake lilikuwa la masikio. Tulitembea kandokando ya mkanda bila kusema neno, tukisikiliza. Rola nzima huvuma. Rola inayokufa hulia kama panya aliyebanwa mlangoni. Ikishakwama, siku ya kwanza haidhuru. Mkanda hupita juu yake ukiisugua. Lakini unaposugua, chuma kinalika, kinakuwa bapa, kisha kinatoboka, na ule ukingo wa tundu unakuwa wembe. Hapo kila mzunguko mkanda unachanjwa. Mtu mvivu wa kubadilisha beringi ndogo ndiye huyo huyo atakayekuja kubadilisha mkanda mzima.

Mwenzangu katika kundi lile alikuwa Saidi, mtoto wa hapa hapa Magongo, rika langu, hodari, na mwimbaji. Taarabu zote alizijua, na zile asizozijua alizitungia maneno yake. Saidi alikuwa na imani moja mbaya: kwamba grisi haizidi. Aliipaka rola kama apakaye siagi mkate wa mgeni. Grisi ikachuruzika ikafika kwenye mkanda, na raba ikafura kama mahamri. Mzee Katana alimwita, akamwekesha kidole juu ya ule uvimbe.

"Hii ni nini?"

"Ni raba, Mzee."

"Ilikuwa raba. Sasa ni andazi. Wewe ukiuza andazi, klinka tutaibebea nini?"

Kuunga mkanda ndiko kulikokuwa kazi ya heshima. Mnachambua tabaka za kitambaa ngazi kwa ngazi pande zote mbili, mnasugua, mnafuta vumbi, mnapaka solusheni, ile gundi ya raba, mnangoja. Mnangoja mpaka mgongo wa kidole ukiugusa usinate. Kisha mnalaza, mnabana, mnapasha moto. Adui wa kazi hiyo huku kwetu si mwingine ila maji. Masika hewa yenyewe imelowa. Na kiangazi ni jasho. Saidi aliinama kuunga huku akiimba, na jasho likamdondoka puani likatua juu ya raba iliyokwisha kupakwa. Aliifuta haraka kwa kiganja, kana kwamba hakuna aliyeona. Kiungo kile hakikumaliza wiki. Mzee Katana akasema, "Saidi, wimbo wako unavuja." Tangu hapo sote tulifunga kipande cha leso kwenye paji la uso kabla ya kugusa solusheni. Fanyeni hivyo hivyo. Leso hunywa jasho kuliko hicho kitambaa cha dukani.

Mengine nitayataja juu juu, maana mtayakuta wenyewe. Mkanda mpya usiuache juani. Jua na chumvi ya pwani vinauzeesha kabla haujafanya kazi. Msiuwashe mkanda ukiwa umejaa mali kama mnaweza kuepuka. Na mkanda ukienda kombo, kumbukeni kwamba unafuata upande unaoigusa rola kwanza. Sogeza rola kidogo, kidogo kabisa, kisha ukae ungoje mkanda uzunguke. Nimewaona watu wakisogeza rola hii, wakakimbilia ile, mpaka hakuna rola iliyonyooka na mkanda unayumba kama mlevi.

Sasa Namba Tatu.

Mkanda Namba Tatu ulitoa klinka ghalani kuipeleka kwenye kinu. Haukuwa mrefu, na ulilala sawa, haukupanda mlima. Kwa kuuangalia ungesema ni mwepesi kuliko yote. Nao ndio uliokuwa ukifa haraka kuliko yote. Tunafunga mpya, unang'aa, unanuka raba. Haupiti muda, uso wake umeliwa katikati, umepasuka magaga kama kisigino cha mtu wa shamba. Magaga yalikuwa ya joto, kwa sababu klinka mara nyingine ilitoka ghalani bado ina moto. Lakini kule kuliwa katikati hakukuwa moto. Ofisini walisema ni wauzaji, raba yao hafifu. Wakabadilisha muuzaji. Namba Tatu ukaendelea kufa.

Mzee Katana naye alikuwa na dawa yake: kuukaza. Kila alipopita alizikaza zaidi zile skurubu za kuvutia ngoma ya nyuma, lile pipa la chuma linaloshika mwisho wa mkanda.

Wakati huo aliletwa mhandisi mpya, Injinia Njeri, kutoka bara. Kiswahili chake kilitupa raha, kila kitu kilianza na "hii": hii shuti, hii puli, hii raba. Lakini alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa wengi. Siku zake za kwanza hakugusa kitu. Alisimama mbele ya shuti, ule mdomo wa bati unaomwagia mali juu ya mkanda, akatazama mawe yanavyoanguka.

"Mzee Katana," akasema, "ukirukia gari inatembea, si unakimbia nayo kwanza?"

"Nikiwa kijana, ndiyo."

"Haya mawe yanarukia bila kukimbia."

Tukatazama. Wallahi, miaka yote tulikuwa tukiutazama mkanda, hatukuwahi kuyatazama mawe. Yalianguka wima, kutoka juu sana, yakatua juu ya mkanda uliokuwa mbioni. Jiwe likitua halina mwendo. Linateleza na kusugua mpaka lishike mwendo wa mkanda, na hapo katikati raba ndiyo inayoliwa. Njeri alitaka shuti ikatwe, ipinde mdomo, ili mawe yateremke kwa mteremko na kutua yakielekea kule kule mkanda unakokwenda.

"Na tena," akaongeza, "huu mkanda umebanwa sana."

Hapo Mzee Katana alinyanyua shingo. "Mkanda uliolegea ni suruali isiyo mshipi, Injinia."

"Na mshipi ukikazwa sana, Mzee?"

"Suruali haianguki."

"Na mwenye suruali hali chakula."

Saidi alicheka, kisha akaona uso wa Mzee, akajifanya anakohoa. Hawakukubaliana siku ile. Kila mmoja alikuwa na heshima, lakini hawakukubaliana.

Kuikata shuti kulihitaji kinu kisimame. Meneja wa uzalishaji hakuwa mtu mbaya, ila simu yake haikunyamaza. Alisema malori yamepanga foleni mpaka barabarani, shuti itangoja. Basi tukafanya kile ambacho watu hufanya wanapokatazwa kutibu ugonjwa: tukafunika jeraha. Pembeni mwa mkanda, pale mali inapoangukia, kuna raba zinazozuia isimwagike. Tukaambiwa tuzishushe zibane zaidi. Zikabana. Vijiwe vikanaswa kati ya raba na mkanda, vikachimba mifereji miwili mirefu kwenye mkanda uliokuwa mpya kabisa. Na mali bado ilimwagika, sasa ikienda nyuma, chini ya ngoma ambako mkanda hugeukia.

Shikeni neno hili, maana ni kwa ajili yake nawasimulia yote haya. Mkanda unaolika vibaya humwaga. Unapomwaga, lazima mtu azoe. Na mtu anayezoa husimama pale pale penye hatari, kwa sababu ndipo palipochafuka. Nyinyi mtafundishwa uchakavu katika somo moja na usalama katika somo jingine. Kiwandani ni kitu kimoja.

Ilikuwa adhuhuri, tumetoka kula. Mawe yalikuwa yamejaa nyuma ya Namba Tatu mpaka yakaanza kuusukuma mkanda ubavuni, unakwaruza chuma. Saidi aliwapigia simu chumba cha mitambo aombe usimamishwe. Wakamwambia malori yanapakiwa, avumilie. Akakata simu, akachukua beleshi.

Nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Nikapaza sauti, "Saidi! Ngoja uzimwe!"

"Mara moja tu hii, Mwanamisi!"

Aliingiza beleshi kati ya ngoma na mkanda kuchokoa jiwe. Sikuona lilivyochukuliwa. Niliona tu kwamba beleshi halipo, na Saidi ameinama zaidi kuliko mtu anavyoinama kwa hiari.

Kando ya mkanda kuna kamba ya dharura. Ukiivuta, mkanda unasimama. Niliivuta. Ilikuwa imelegea kwa vumbi na miaka, ikaja mikononi mwangu bila kufanya kitu. Nikaendelea kuivuta, naikusanya kama mtu atekaye maji kisimani, huku nasema kwa sauti maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia, mpaka nikasikia swichi ikilia. Mkanda ukasimama.

Saidi hakupiga kelele. Alikuwa akisema "Bismillahi, bismillahi," taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kati ya mkanda na ngoma mpaka karibu na kiwiko.

Mzee Katana alifika mbio, umri wake wote akiwa ameuacha nyuma. Alizishika zile skurubu ili aulegeze mkanda. Hazikuzunguka. Chumvi, vumbi, na kule kukazwa kila siku, vilikuwa vimezigandisha. Alizipiga kwa nyundo, akazitukana kwa Kigiriama. Mkanda ulikuwa umekazika kama ngozi ya ngoma ya kuchezea, na mkono wa Saidi ukiwa chini yake.

Mzee akachomoa kisu.

"Usikate!" Ilikuwa sauti ya Njeri, anateremka ngazi mbilimbili. "Mzee, usikate bado! Utaturukia! Tuufunge kwanza!"

Alisema kweli. Mkanda uliokazwa vile ukikatwa hupiga kama mjeledi. Mimi na yeye tulichukua vibano vya chuma tulivyotumia wakati wa kuunga, tukaubana mkanda kwenye fremu, upande ulio mbali na Saidi. Nilikaza changu, naye akakaza chake.

"Haya, sasa," akasema.

Mzee Katana aliukata mkanda kutoka ukingo hadi ukingo. Mkanda mpya. Kile kisu cha kila asubuhi kilipita, na raba ikafunguka yenyewe mbele yake kwa jinsi ilivyovutwa. Upande wa ngoma ukalegea ukaanguka. Nikamshika Saidi kiunoni, Njeri akaushika mkono wake kwa chini, tukamtoa.

Gari lilipoondoka naye kwenda hospitali, meneja alishuka. Aliuona mkanda umelala vipande viwili.

"Mmekata mkanda mpya?"

"Nimeukata mimi," akasema Mzee Katana. "Mkanda huungwa."

Meneja aliitazama damu kwenye fremu. Akavua kofia yake ya kazi. Simu ikalia mfukoni mwake, naye kwa mara ya kwanza nikamwona akiizima. "Chukueni muda mnaoutaka," akasema.

Mzee alikaa juu ya rola iliyotolewa, mikono juu ya magoti. Njeri akaenda kukaa karibu naye.

"Ni mimi niliyekuwa nikiukaza," Mzee akasema.

Njeri angeweza kusema mengi. Alikuwa amelisema jambo hilo mbele ya watu, na sote tulikumbuka. Badala yake akasema, "Mikanda mingine nayo tuiangalie, Mzee. Twende wote."

Basi kinu kiliposimama, tulifanya kila kilichokuwa kimengoja. Shuti ilikatwa ikapinda mdomo. Raba za pembeni tukazinyanyua, zikawa zinagusa kwa upole. Skurubu zikabadilishwa, zikafunikwa zisiote kutu, na Mzee Katana mwenyewe akawa anaomba kipimo cha mkazo kabla ya kushika spana: "Injinia, huu wasema uwe kiasi gani?" Ngoma ya nyuma ikazungushiwa wavu wa chuma. Kamba za dharura zikavutwa na kujaribiwa kila zamu inapoanza. Na ikawa sheria: anayekwenda kuugusa mkanda anaufunga kwa kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo anao yeye, hampi mtu. Chumba cha mitambo kikikuambia uvumilie, unawajibu kwa kufuli.

Kisha tukauunga Namba Tatu. Mkanda ule ule wenye mifereji miwili, pale pale Mzee alipoukata. Tulifunga leso, na siku hiyo hakuna aliyeimba.

Saidi alirudi baada ya muda mrefu. Mkono uliokolewa, vidole havikufunga tena. Walimpa kazi kwenye ghala la vipuri, kuvitunza pamoja na mikanda mipya. Aliifanya vizuri, hakuna marobota ya mikanda yaliyofunikwa na kugeuzwa kama yake. Lakini kwenye shedi ya Namba Tatu hakuja. Akiwa na jambo na sisi alituma ujumbe au alingoja wakati wa kula. Tulipokaa kunywa chai alizungumza vyema, akauliza habari za watoto. Kuimba aliacha. Mimi sikumshauri kitu. Kuna maneno mtu huyatafuta, akiyapata anayaona mepesi mno, anayarudisha.

Namba Tatu nao ulifanya kazi. Mzee Katana alistaafu akaenda Kaloleni, Njeri akapanda cheo, mimi nikawa mkuu wa kundi, na ule mkanda ungali unazunguka. Tulisahau kuuzungumza, na mkanda usiozungumzwa ndio mkanda mzuri. Mpaka siku moja nilipoupima unene nikaona uso wa juu umekwisha, kitambaa kinaanza kuchungulia. Nikapima katikati, nikapima kingo, kulia na kushoto. Kila mahali pamoja, isipokuwa ile mifereji ya zamani. Hapakuwa na chanjo mpya wala magaga makubwa. Nikaandika ubadilishwe.

Tulipokuwa tumeufunga kwa kufuli na kuanza kuutoa, mlango wa shedi ukafunguka. Alikuwa Saidi. Amekuja na robota jipya juu ya mkokoteni, akilisukuma na vibarua wawili, ilhali kawaida alikuwa akiwaachia wao. Wenzangu wakageuka kumtazama. Mimi nikaendelea kufungua vibano, nisimfanye atazamwe.

Alitembea kandokando ya mkanda mpaka nyuma. Akasimama mbele ya ngoma. Kisha akauliza, "Kile kiungo kiko wapi?"

Tulikitafuta pamoja kwa kurunzi. Nilipita juu yake mara mbili bila kukiona, mpaka kidole changu kikahisi kile kimstari. Saidi aliweka mkono wake wa kulia pale, ule usiofunga, akaupitisha kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

"Hakikuachia?"

"Hakikuachia."

"Na mkanda wenyewe, kilichouua ni nini?"

"Hakuna kilichouua, Saidi. Umekwisha tu. Umezeeka."

Alinitazama aone kama ninamtuliza. Akainama akautazama unene mwenyewe, mahali hapa na pale, fundi alivyofundishwa. Alipoinuka alikuwa anacheka, polepole, kicheko cha puani.

"Basi tuuzike," akasema, akaushika ukingo kwa mkono wa kushoto, tukaanza kuukunja.